Imebaki Kufunga Tu

Kijana mmoja wa hapa Ngamiani alinijia juzi baada ya swala ya alasiri, grisi imempanda mpaka viwikoni na uso unang'aa kama wa bwana harusi. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba. "Babu, ile Datsun nyuma yote nimeshaifungua. Imebaki kufunga tu."

Nikaitazama mikono yake, nikahesabu vidole. Kumi. Nikamwambia akae.

Hilo "tu" ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa zaidi ya miaka arobaini ya gereji nimelisikia kwa vijana wa kila namna, na nimeona magari yaliyofunguliwa kwa siku moja yakakaa chini ya mwembe mpaka kuku wakataga kwenye buti. Kufungua kunataka spana na nguvu. Mwizi naye anafungua, tena usiku, tena bila taa. Kufunga ni habari nyingine, na nyuma ya Datsun 1600 SSS ni habari nyingine zaidi. Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa wenzake wote wanaonunua magari ya zamani siku hizi na kuyatengeneza uani, kwa kuangalia video kwenye simu.

Gari lenyewe kwanza mlijue. Wajapani walilitoa mwaka 1967 kwa jina la Bluebird 510, sisi huku tukalizoea kwa jina la 1600. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1970, enzi zile mashindano yalipokuwa yanafanyika Pasaka na sisi vijana tunasimama kando ya njia tukingoja vumbi. Basi baada ya hapo kila mwenye pesa kidogo akaitaka 1600.

Siri yake mojawapo ilikuwa nyuma. Magari mengi ya kiasi chake wakati ule yalikuwa na ekseli nzima: gogo moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu katikati kama tumbo la chatu aliyemeza mbuzi. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia linapata habari hapo hapo. Kwenye 1600 difu imefungwa juu, imetulia, haipandi wala haishuki na magurudumu. Kila gurudumu lina mkono wake wa chuma uliokaa mshazari, umeshikwa mbele kwenye krosimemba kwa boliti mbili zilizopita ndani ya bushi za mpira. Juu ya mkono inakaa springi, nyuma yake shokapu, na shafti fupi inatoka kwenye difu kwenda kulizungusha gurudumu. Kushoto kukipigwa, kulia kunaendelea na safari yake. Ndiyo maana ya sespensheni inayojitegemea.

Lakini msije mkadhani kwamba kitu hicho ni uchawi. Peugeot 404 ilikuwa na ekseli nzima nyuma na ilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mbili katika hizo alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Na Shekhar Mehta alipochukua ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982, alikuwa ndani ya Datsun Violet, ambayo nayo nyuma ni ekseli nzima. Wakubwa wa Datsun wenyewe walirudi kwenye gogo! Ninavyoona mimi, ekseli nzima inamsamehe fundi mzembe. Gogo ni gogo, ukilikaza vibaya bado magurudumu mawili yanatazama upande mmoja. Hii ya kujitegemea haisamehi. Kila mkono unashika mwelekeo wake peke yake, na kosa la milimita chache kwenye bushi linaonekana kwenye tairi na kwenye kona.

Na jambo moja dogo kabla sijasahau: 1600 ya mgongo mrefu, ile ya kubebea mizigo, nyuma ina ekseli nzima na springi za mabamba. Mtu akikuuzia mikono ya nyuma akasema ameitoa humo, mshukuru, uondoke.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Nilipokwenda kwao kuliona gari nilisimama mlangoni mwa ua nikakataa kuingia. Alikuwa amelinyanyua kwa jeki moja ya mafuta chini ya krosimemba ile ile anayotaka kuishusha, halafu kila upande akapanga matofali mawili ya saruji, yale yenye matundu. Chini ya gari kulikuwa na mkeka na mto. Mto! Maana yake alikuwa analala humo kwa raha zake.

Wajukuu zangu, tofali linabeba ukuta kwa sababu ukuta unaligandamiza sawasawa kote. Ncha ya chuma ikiliegemea mahali pamoja linapasuka, na halitoi onyo. Mti hulia kabla haujavunjika, tofali halilii. Mawe ya matumbawe tunayojengea huku pwani ni mabaya zaidi, yanasagika kama mkate mkavu. Na hiyo jeki ya mafuta mnayoiamini, uzito wote wa gari ndani yake umesimama juu ya kipande cha mpira kisichozidi pete ya ndoa. Siku sili hiyo ikichoka, mafuta yanapita pembeni na gari linashuka, halikuulizi uko wapi. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kukalia ni stendi za chuma, na uziweke chini ya bodi yenyewe, mbele ya krosimemba, pale chuma kilipokunjwa kikawa kinene. Usiziweke chini ya kitu unachokwenda kukifungua. Na kwa kuwa nyua zetu ni za mchanga, kila stendi iwe na ubao mpana chini yake, la sivyo mguu mmoja unazama taratibu wakati wewe unatafuta spana namba 17.

Kuna jingine ambalo hata watu wazima hulisahau. Kwenye gari hili breki ya mkono inashika nyuma, na gia nayo inashika nyuma. Ukishayanyanyua magurudumu ya nyuma, hakuna kinacholizuia. Limekuwa toroli. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yatiwe kabari, mbele na nyuma, kabla jeki haijaguswa.

Bwana aliyenifundisha kazi, Kalasinga mmoja wa hapa Tanga, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Gari likishakaa kwenye stendi, hakuna spanaboi aliyeruhusiwa kuingia chini mpaka yeye mwenyewe aje aliegemee kwa bega na kulisukuma, mara tatu, kwa nguvu zake zote, na alikuwa mtu mzito. Alikuwa akisema kama lina nia ya kuanguka, lianguke sote tukiwa tumesimama. Sisi tulikuwa tunacheka. Baadaye nilifanya kazi kwenye gereji nyingine ambako hakukuwa na desturi hiyo, na huko nikamwona mwenzangu akitolewa chini ya lori. Sitaeleza zaidi.

Baada ya hapo, bushi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kosa langu mwenyewe lilipo.

Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa kwangu mteja, mwalimu wa shule, ana 1600 nyeupe anayoipenda kuliko nyumba yake. Bushi za mikono zilikuwa zimekwisha, zote nne. Nikazibadilisha. Nikarudisha mikono, springi na shokapu, na gari likiwa bado hewani, magurudumu yananing'inia, nikakaza boliti zote nne mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Nilikuwa na fahari. Nikatamani bwana mkubwa aje aone kazi ilivyo safi. Siku hiyo hakuwepo. Mwalimu akachukua gari lake, akalipa, akaenda. Nikaona linaondoka nyuma limeinuka kidogo, kama jogoo anayejisikia. Nikadhani ni springi zimepata nafasi mpya.

Masika hayajaisha, mwalimu akarudi. Akipita tuta nyuma inapiga ko-ko. Akikata kona, mkia unataka kwenda kwake. Tairi za nyuma zimeliwa upande wa ndani. Bwana mkubwa akatoa boliti moja, akachomoa bushi, akaiweka kwenye kiganja changu. Mpira ulikuwa umechanika kuzunguka chuma cha ndani, kama ganda la muwa lililotafunwa. Hakupiga kelele. Akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akanipa ncha moja nishike sawasawa, ncha nyingine akaanza kuisokota yeye. Kilipofika mahali kimeshakaza, akasimama. Akaniambia, sasa hapo ndipo gari linapoanzia safari. Halafu akaendelea kusokota, mpaka kitambaa kikanitoka mkononi.

Nilielewa kwa ngozi ya kiganja kabla sijaelewa kwa akili. Bushi hizi hazitelezi kama bawaba ya mlango. Ndani kuna bomba dogo la chuma, nje kuna bomba kubwa, na katikati mpira uliogandishwa kwenye yote mawili. Ukikaza boliti, bomba la ndani linabanwa kabisa, haliendi popote. Mkono ukipanda na kushuka, kinachojisokota ni mpira. Mpira huo umetengenezwa uwe umetulia gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ili ujisokote kidogo huku na kidogo kule. Ukiubana wakati mkono unaning'inia chini kabisa, umeiambia bushi kwamba hapo chini ndipo kwao. Ukishusha gari, mpira umeshasokotwa hata kabla ya kutoka getini, na kila shimo la barabara linausokota zaidi upande ule ule. Gari linainuka nyuma kwa sababu bushi zinausukuma mkono urudi chini. Wiki chache, mpira umechanika.

Kwa hiyo sikilizeni. Kabla hujafungua chochote, gari likiwa chini, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike kwa chaki ukutani. Kijana wangu hakupima. Tutakisia kwa gari la mwenzake. Wakati wa kurudisha, boliti za bushi zitie zote, uzikaze kwa mkono mpaka nati iguse tu, uziache hivyo. Rudisha kila kitu, vaa magurudumu, shusha gari. Lisukume mbele na nyuma hatua kadhaa ili magurudumu yajipange, kalia buti ulitikise. Ndipo ukaze. Kama huna shimo la gereji, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene upate pa kuingilia. Au, gari likiwa kwenye stendi, tia jeki chini ya mkono uupandishe mpaka kile kipimo cha chaki kirudi, ukaze hapo, kisha uende upande wa pili. Kazi ya dakika kumi. Mimi niliiruka dakika kumi hizo, na mwalimu akalipa tairi mbili. Mimi nami nilikatwa kwenye mshahara, na ilikuwa haki.

Kuzitoa bushi za zamani, vijana mnapenda kuzichoma moto. Nimeona. Moshi mweusi, kicheko, na tangi la petroli liko nyuma huko huko. Acheni. Tafuta boliti ndefu, kipande cha bomba kinachozidi bushi kidogo kwa upana, na washa nene mbili. Bomba upande mmoja, washa upande wa pili, kaza nati taratibu, bushi inajivuta yenyewe kuingia ndani ya bomba. Kifaa hicho hicho ndicho kinachoingiza mpya. Ukitaka iingie kwa adabu, ilaze bushi mpya kwenye friza usiku mzima, chuma chake kisinyae kidogo. Muombe bibi yako ruhusa kwanza, maana friza ni ya samaki wake. Na upake maji ya sabuni, usipake grisi. Grisi inaula mpira.

Mtaniuliza kuhusu zile bushi za plastiki ngumu, za rangi nyekundu, mnazoziona kwenye magari ya mashindano. Hizo kweli hazina shida ya kusokotwa, zinazunguka juu ya bomba lake. Lakini zinataka grisi yake maalumu kila baada ya muda, la sivyo zinalia kama kitanda cha gesti, na kila kokoto la barabarani linakuja kukusalimu kiunoni. Gari la kwenda nalo Pangani na familia, mimi naweka mpira.

Springi ya gari hili imekaa peke yake kati ya mkono na bodi, shokapu iko pembeni. Kinachouzuia mkono usianguke chini kabisa ni shokapu yenyewe. Anayefungua boliti ya chini ya shokapu bila kuutegemeza mkono kwa jeki, amefungulia nguvu yote ya springi kwa mpigo. Nimeona springi ikitoboa bati la kibanda, na aliyekuwa chini yake alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuokota nati. Kurudisha ni vile vile kinyumenyume: springi ikae kwenye kitako chake cha mpira, ncha yake ielekee pale ilipokuwa, mkono upandishwe kwa jeki polepole, macho yako kwenye springi na uso wako pembeni, mpaka shokapu ifikie tundu lake. Usiingize kidole kuirekebisha springi iliyokwisha kubanwa. Tumia kipande cha mti. Mti ukikatika, unakata mwingine.

Difu ina uzito wa karibu nusu mfuko wa saruji, ila mfuko una pa kushika na difu imejaa mafuta. Usiipandishe kwa kifua kama mnavyofanya kwenye hizo video. Tia jeki, weka ubao juu ya jeki, mwenzako aishike isipinduke. Na hapa nina swali moja ninalowauliza vijana wote: plagi ya juu, ya kujazia oili, uliifungua kwanza kabla ya kufungua ya chini ya kumwagia? Wengi hawajafanya hivyo. Wanamwaga oili yote, wanarudisha difu mahali pake, halafu wanakuta plagi ya juu imegandamana na kutu ya miaka hamsini na hakuna nafasi ya kuzungusha spana. Difu tupu, imefungwa vizuri sana. Ilegeze ikiwa bado mezani. Ikisharudi, jaza oili nzito ya namba 90 mpaka ianze kumwagika kwenye tundu lile la kujazia, gari likiwa limelala sawa.

Shafti zile fupi zina utata wake. Mkono unapopanda na kushuka, umbali kutoka difu hadi gurudumu unabadilika, kwa hiyo shafti lazima irefuke na kufupika. Ndani yake kuna mifereji na gololi za chuma zinazoteleza humo. Ukitoa kizuizi ukaivuta mpaka ikaachana, gololi zinamwagika mchangani, na gololi moja ikipotea shafti hiyo ni ya kuning'iniza ukutani. Kijana wangu hakuivuta, namshukuru Mungu. Ila hakuweka alama. Kabla ya kutenganisha shafti na difu, au propela na difu, piga alama ya rangi kwenye vyuma vyote viwili ili virudi vilivyokaa. Vilikwisha kuzoeana.

Boliti. Nilimkuta ana kopo la maziwa limejaa boliti mchanganyiko, na nyingine ameshanunua mpya dukani, zinang'aa. Nikazigeuza nikaangalia kichwani: hazina namba. Boliti isiyo na namba ni ya geti na ya kitanda. Ya sespensheni na ya shafti iwe imeandikwa 8.8 au 10.9 kichwani, na zile za Kijapani za zamani utakuta 7 au 9. Anayekudanganya kwamba boliti ni boliti hatakuwepo siku shafti itakapoachia ukiwa unateremka Lushoto. Na kila boliti ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne, kabla haijaona spana. Ikikataa kwa vidole, usiilazimishe. Imepanda nyuzi, au kuna kutu ndani, na chumvi ya bahari hii imeshakula vyuma vyetu vya kutosha. Kwenye kukaza kwa mwisho, azima ile spana inayolia tik ikifika kipimo, na vipimo uvitoe kwenye kitabu cha gari. Mkono wa kijana mwenye nguvu unapita kipimo kabla haujajua umefika.

Breki sitasema sana. Usiuache mkono uning'inie kwenye mpira wa breki, hata kwa dakika moja. Kwa nje utauona mzima na ndani umeshapasuka. Na kama mpira huo ni wa umri wa gari, badilisha, usibishane. Ukitoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, ambalo kwa gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kanyagio likiwa laini kama embe bivu, bado kuna hewa.

Siku ya kwanza usimchukue mchumba. Zunguka mtaani mwendo wa baiskeli, kanyaga breki mara kadhaa, rudi. Gusa dramu za breki kwa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki inashika. Angalia chini kama difu inalia machozi. Kaza tena nati za magurudumu. Kisha ndiyo uende mpaka Muheza, na ukirudi uingie chini upitie boliti zote kwa mara nyingine.

Hayo nilimwambia kijana wangu, sehemu tumekaa barazani, sehemu tumesimama pale uani baada ya yeye kuondoa matofali. Alisikiliza vizuri. Mwishoni akauliza itachukua siku ngapi. Nikamjibu alifungua kwa siku moja, basi ahesabu Jumamosi nne, na hiyo ni kama bushi zitapatikana kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa safari moja. Uso ukamshuka kidogo. Kisha akauliza kama nitakuja.

Nitakuja, alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mwembe. Chini ya gari siingii, magoti yamekataa. Nitakaa kwenye kigoda na tochi na chaki. Bega bado ninalo, la kulisukumia gari likishakaa kwenye stendi. Huo mto aurudishe chumbani kwake, na lile kopo la boliti aniachie mimi nilichambue.